Alikuwa na ng'ombe 64, sasa anamchunga Tofi

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Ukungu bado umelalia mabati ya mtaa wa Sogea mjini Tunduma, na kutoka barabara kuu inasikika milio ya breki za malori yanayosogea kidogo, yanasimama, kisha yanasogea tena kuelekea mpaka wa Zambia. Ndalahwa Luhende amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha nyuma katika nyumba ya mwajiri wake. Mkono wake umezama mpaka kwenye kiwiko ndani ya kibanda cha waya.

Hamwamshi aliyelala humo. Anaweka vidole viwili ubavuni mwake na kusubiri.

"Huyu akilala, analala kama aliyekufa," anasema kwa sauti ya chini bila kugeuka. "Miezi ya kwanza nilikuwa namtikisa kwa hofu. Sasa nasubiri mapigo. Nikiyapata, naanza kazi."

Mapigo yapo. Aliyelala ni Tofi, fereti dume anayekaribia miaka saba. Ni mnyama mwembamba mwenye miguu mifupi, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, uzito wake kilo moja na kidogo. Manyoya yake yana rangi ya sukari guru, na machoni ana alama nyeusi kama aliyevaa miwani. Ni wa jamii ya kicheche, ila hakutoka porini. Wazazi na mababu zake wamefugwa majumbani tangu zamani, kama paka.

"Mwangaluka," Ndalahwa anamsalimia kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi ambayo kwao husemwa kwa mtu.

Tofi anapiga miayo, anajinyoosha, anapanda juu ya kiganja chake na kubaki hapo akitazama mlango.

Kwenye makubaliano yake ya ajira, Ndalahwa, mwenye miaka 47, ni mlinzi. Anafungua geti, anafagia ua, anamwagilia bustani. Kwa kazi hiyo analipwa Sh200,000 kwa mwezi, na zaidi ya nusu anaituma nyumbani, kijiji kimoja jirani na Kamsamba, chini katika bonde la Momba, anakoishi mkewe na binti yao. Kumtunza Tofi hakukuandikwa popote. Kazi hiyo ilimfuata yenyewe.

Mwajiri wake, Imelda Siwale, ni mfanyabiashara wa vitenge na vyombo vya ndani. Aliishi Pretoria, Afrika Kusini, miaka kumi na minne. Ndoa yake ilipovunjika alirudi Tunduma, na binti yake wa pekee, Angel, akabaki na baba yake ili amalize sekondari. Fereti alikuwa wa Angel. Baba alipohamia kwenye ghorofa lisiloruhusu wanyama, hapakuwa na njia nyingine.

"Nilipanda naye ndege na karatasi zake zote za daktari na vibali," anasema Imelda. "Angel aliniambia, mama, ukimpoteza Tofi usinipigie simu tena. Alikuwa na miaka kumi na tano. Nikamwahidi."

Ahadi ilikuwa rahisi kuitoa. Kuitimiza ilikuwa kazi nyingine, kwa sababu Imelda husafiri wiki mbili hadi tatu kila mwezi, Nakonde, Lusaka, wakati mwingine Johannesburg. Wasichana wawili wa kazi waliondoka, mmoja baada ya siku nne. Walisema mnyama ananuka na anawafuata kwenye vidole vya miguu.

Ndalahwa alikuwa na miezi sita tu pale getini. Siku moja Imelda alirudi safari ya Nakonde, akamkuta amekaa kwenye ngazi za jikoni, Tofi amejikunja ndani ya kofia yake, amelala.

"Sikumwuliza kitu," anakumbuka Imelda. "Nilikaa ndani ya gari nikalia kidogo. Nilikuwa nimechoka sana."

Kuhusu harufu, Ndalahwa anaona watu wanakuza mambo. "Beberu ananuka zaidi, na hakuna anayekimbia."

Saa kumi na mbili na robo, Tofi anakula: shingo ya kuku iliyopondwapondwa na kipande cha ini. Hali nafaka, hali matunda, hali mboga. Tumbo lake ni fupi, chakula kinapita kwa saa tatu au nne tu, kwa hiyo anahitaji kula kidogo kidogo mchana kutwa. Maji yanabadilishwa asubuhi na jioni. Kwenye kona ya choo chake kuna magazeti ya zamani yaliyochanwa vipande, na hili unalosoma limo. Mwanzoni Ndalahwa aliweka vumbi la mbao kutoka kwa fundi seremala, akaona mnyama anapiga chafya, akaliondoa siku hiyohiyo.

Hayo yote alijifunza kwa Angel. Kila Jumapili binti huyo alipiga simu ya video kutoka Pretoria na kumfundisha: kucha zikatwe kila baada ya wiki mbili, masikio yasafishwe kwa pamba, asiogeshwe mara kwa mara kwa sababu ngozi inakauka na harufu inazidi, apate chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Na zaidi ya yote, atoke kwenye kibanda angalau saa nne kwa siku, akimbie, achimbe, aingie kwenye mashimo. Akifungiwa anapoteza furaha, anaanza kutafuna waya mpaka fizi zinatoka damu.

"Angel aliniambia, anko, usimhurumie kwa kumwacha alale tu. Mchoshe," anasema Ndalahwa. "Nikamwambia mwanangu, hilo nalijua. Ng'ombe asiyetembea hafai."

Basi anamchosha. Katika ua wa nyuma ametandaza mabomba ya plastiki yaliyobaki kwa fundi bomba, ameyaunganisha kwa magunia mpaka yakawa njia za chini kwa chini. Kuna beseni la mchanga uliochekechwa ambamo Tofi anachimba kana kwamba amezika kitu na amesahau wapi. Kuna kitambaa kilichofungwa kwenye kamba, na Ndalahwa, mtu mrefu mwenye magoti mabovu, anakikokota kwa kurudi kinyumenyume, ameinama, mpaka mwisho wa ua na kurudi.

Tofi akifurahi sana anaruka kiubavu, mgongo umepinda, mdomo wazi, akitoa sauti kama ya kuku anayeongea na vifaranga vyake. Ukimwona mara ya kwanza unaweza kudhani ameshikwa na kifafa.

Baada ya hapo humvalisha mkanda wa kifuani uliosukwa kwa katani, umefungwa kwa fundo lilelile wanalotumia kwao kufungia ndama, na wanatoka kutembea pembezoni mwa mashamba ya mahindi nyuma ya nyumba. Wanatoka mapema, kabla mbwa wa mtaani hawajaanza kuzurura. Madereva wa Zambia wanaonawa uso kando ya malori yao wamemzoea. "Mulishani," wanamsalimia kwa Kibemba, na macho yao yanashuka hadi mwisho wa kamba.

Mtaani hawakuwa wapole hivyo. Kwa miezi mingi aliitwa Msukuma anayechunga panya. Maneno hayo yalimchoma kuliko alivyoonyesha.

"Unajua mimi nilikuwa nani?" anauliza, akimtazama Tofi akitokomea ndani ya bomba.

Alikuwa mtu wa ng'ombe. Baba yake aliondoka Shinyanga na mifugo miaka ya themanini akifuata malisho, akapitia Rukwa, akatua Momba. Ndalahwa aliachishwa shule darasa la nne ili akachunge. Akarithi ng'ombe kumi na wanane, akawakuza hadi wakafika sitini na wanne. Kila mmoja alikuwa na jina. Anasema akifumba macho hadi leo anaweza kuwapanga kwa jinsi walivyozoea kuingia zizini jioni, nani anatangulia, nani anasubiri asukumwe.

Miaka sita iliyopita homa ya mapafu iliingia bondeni. Ndani ya wiki tano walikufa hamsini na wanane. Sita waliobaki waliuzwa ili familia ipate chakula na binti yake, Minza, arudi shule.

"Harufu ya zizi tupu ni mbaya kuliko ya zizi lenye samadi," anasema. "Linanuka vumbi. Nilikaa miezi miwili, nikaona siwezi kulipita kila siku. Nikaja huku."

Alilinda ghala la mahindi kwa muda, kisha akapata kazi kwa Imelda. Nyumbani alisema ni mlinzi. Kuhusu Tofi hakusema neno.

Mkewe, Stamili, analima mpunga Momba. Alikuja Tunduma bila kutoa taarifa miezi minane baada ya Tofi kukabidhiwa kwa mumewe, akiwa na nusu gunia la mchele na kuku wawili. Aligonga geti, halikufunguliwa. Akazunguka nyuma ya nyumba na kuchungulia kwenye nafasi ya ukuta. Mumewe alikuwa amelala kifudifudi chini, mkono mmoja ndani ya bomba, anambembeleza mtu asiyeonekana.

"Nilidhani amerukwa na akili," anasema Stamili kwa simu. "Nilisema moyoni, ng'ombe wameondoka na akili ya baba Minza."

Aliingia, akakaa kwenye ngazi, akatazama. Ndalahwa alimweleza kila kitu bila kumwangalia usoni. Stamili alisikiliza mpaka mwisho.

"Anakula nini?" aliuliza.

"Kuku."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na ini."

Stamili alitazama kuku wake wawili, akawasogeza karibu na miguu yake. "Ng'ombe wetu hatukuwahi kuwapikia," alisema.

"Huyu hapikiwi. Anakula mbichi."

Wakaanza kucheka, wote wawili, na Stamili anasema ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mumewe akicheka tangu zizi lilipobaki tupu. Kabla ya kuondoka kesho yake alimwachia kuku mmoja. Alisema ni wa yule mwembamba.

Jambo lililobadilisha maisha ya Ndalahwa lilitokea Aprili mwaka jana, na chanzo chake ni ndala.

Imelda alikuwa Johannesburg. Ndalahwa aliacha ndala zake mlangoni kwa dakika chache, akaenda kufungua geti. Fereti hupenda mpira kuliko nyama: soli, vifutio, hata vitufe vya rimoti. Angel alikuwa amemwonya mara nyingi. Aliporudi aliona pembe ya soli imeliwa, akatafuta vipande sakafuni, akavipata viwili. Hakujua kama kulikuwa na cha tatu.

Siku ya pili Tofi hakugusa ini. Alikuwa anapapasa mdomo wake kwa miguu ya mbele, akijikokota tumbo chini. Ndalahwa alikagua kona ya magazeti. Palikuwa pakavu.

"Mchungaji anasoma kinyesi kama wewe unavyosoma barua," anasema. "Nilipoona hakuna kitu tangu jana, nilijua amefunga choo. Ng'ombe akifunga hivyo una siku mbili, huyu mdogo pengine hana hata moja."

Alimbeba kwenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji alimtazama mnyama, akasema hana dawa ya mdudu wa namna ile, amtupe. Ndalahwa akampigia simu mwajiri wake.

Imelda haoni sababu ya kuficha alichojibu. "Nilikuwa katikati ya soko, mzigo wangu umekwama. Nikamwambia, baba Minza, kama anakufa mwache aende. Angel usimwambie, ana mitihani. Nilisema hivyo. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu."

"Mimi sikumjibu," anasema Ndalahwa. "Nilisema mtandao unasumbua, nikakata."

Kwenye simu yake kulikuwa na namba moja ambayo hakuwahi kuipiga kwa miaka mingi, wala hakuweza kuifuta. Ilikuwa ya Gwakisa Mwakalobo, daktari wa mifugo aliyekuwa akihudumia Momba wakati wa ile homa. Ndiye aliyesimama kwenye zizi lake, akavua glavu na kumwambia kwamba hawatapona. Kwa muda mrefu Ndalahwa alimchukia, ingawa alijua hakuwa na kosa.

Gwakisa, sasa mwenye miaka 71, amestaafu na anaishi Hasamba, wilayani Mbozi, anakolima kahawa. Anakumbuka simu hiyo neno kwa neno.

"Shikamoo daktari. Ni mimi Ndalahwa, wa Kamsamba."

"Marahaba. Ndalahwa wa ng'ombe sitini na wanne?"

"Ndiyo, huyo."

"Umepata wengine?"

"Hapana, daktari. Nina mmoja tu, na si ng'ombe. Anakufa."

Daktari alimwambia amlete, asimpe kitu chochote mdomoni.

Venance Simkonda, baba wa watoto wanne anayeendesha bodaboda kijiwe cha karibu na nyumba hiyo, ndiye aliyewapeleka. Ni zaidi ya saa moja na nusu, barabara ya lami mpaka Vwawa kisha vumbi. Kulikuwa na baridi na manyunyu. Ndalahwa alimweka Tofi kifuani, chini ya shati, ngozi kwa ngozi, akafunga jaketi juu yake.

"Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwita mchunga panya," anasema Venance. "Siku ile nilikuwa namsikia nyuma yangu anaongea Kisukuma njia nzima. Sijui alikuwa anasema nini. Tulipofika nilishindwa kumdai nauli ya kurudi."

Wakati huo Tofi alikuwa amelegea. Gwakisa aliwapokea mlangoni, akamtazama mnyama asiyewahi kumwona kwa macho tangu azaliwe, akamgeuza, akambonyeza tumbo kwa kidole kimoja.

"Nilimwambia ukweli," anasema daktari huyo. "Nilimwambia nimepasua mbwa, mbuzi, paka, sijawahi kumpasua huyu. Anaweza kufia mikononi mwangu. Akanijibu, daktari, mara ya kwanza hukunipa nafasi ya kujaribu, leo nipe. Hilo neno lilinipata."

Upasuaji ulifanyika mchana, juu ya meza ya kuchambulia kahawa iliyosuguliwa kwa maji ya moto na spiriti, karibu na dirisha. Gwakisa alitumia dawa ya usingizi ya paka, kipimo alichokipigia hesabu mara tatu kwenye karatasi. Ndalahwa alishika miguu na kuhesabu pumzi kwa sauti. Baada ya dakika arobaini hivi kipande cha mpira kilitoka, kikubwa kama punje ya harage.

Tofi aliendelea kupumua.

Daktari alikataa aondolewe siku hiyo, kwa hiyo walilala Hasamba. Na asubuhi yake ndipo lilipotokea jambo ambalo Ndalahwa anashindwa kulisimulia vizuri. Anaanza, anaacha. Mwishowe analisimulia Gwakisa.

"Nina ng'ombe tisa hapa, wa kienyeji na chotara wachache. Kijana wangu wa kukamua alikuwa amechelewa. Nilitoka nje nikamkuta Ndalahwa amesimama kwenye geti la zizi, mikono juu ya ubao, hasogei. Nikamwambia, ingia basi, kamua, ndoo ile pale. Akaniuliza, nishike? Kama mtoto. Nikamwambia, shika."

Alikaa chini ya ng'ombe wa kwanza, akaegemeza paji la uso ubavuni mwake. Gwakisa anasema kwa muda mrefu hakusikia mlio wa maziwa kwenye ndoo. Akaamua kurudi ndani na kumwacha.

"Miaka mitano," anasema Ndalahwa hatimaye, akiitazama mikono yake. "Nilidhani imesahau."

Siku hiyo pia alifanya jambo lingine ambalo hakuwa ameruhusiwa. Alimpigia Angel.

"Niliona si haki. Mimi ng'ombe wangu walipokuwa wanakufa nilikuwepo. Nilishika kila mmoja. Yeye yuko mbali, mnyama wake amepasuliwa, na sisi watu wazima tunamficha kwa sababu ya mtihani."

Angel hakulia mbele yake. Aliuliza maswali ya daktari: ana joto, amekojoa, fizi zina rangi gani. Kisha akaomba simu iwekwe kwenye kifua cha Tofi. Ndalahwa akaiweka, akaishikilia hapo mpaka mkono ukafa ganzi. Walikaa hivyo dakika kumi na saba. Anajua kwa sababu simu ilimwonyesha.

Kwa siku tisa zilizofuata alimlisha kwa bomba la sindano, yai lililopigwa na supu ya kuku, kila baada ya saa mbili. Siku ya kumi Tofi aliingia kwenye bomba la plastiki mwenyewe, akachelewa kutoka, na Ndalahwa akalala kifudifudi kumwangalia. Alikuwa ameiba soksi.

Imelda aliporudi alirudisha gharama zote na kutaka kumwongezea mshahara. Ndalahwa alishukuru. Lakini aliomba kitu kingine, ruhusa ya kwenda Hasamba Jumamosi mbili kila mwezi, na Tofi akiwa ndani ya kikapu.

Kwa sababu Gwakisa alikuwa amempa pendekezo. Watoto wake wote wako mijini, yeye mgongo umechoka. Ndalahwa aje amsaidie kutunza ng'ombe, awakatie majani, awaogeshe kuondoa kupe, amfundishe kijana wa kukamua. Badala ya fedha, kwa kazi ya mwaka na nusu, atapewa mitamba miwili.

"Wa kienyeji," anasisitiza Gwakisa. "Chotara wangu wakishuka bondeni ndigana, ile homa ya kupe, itawamaliza mwezi wa kwanza. Nimemchagulia wale wanaoweza kuishi kule. Sitaki kumwambia maneno yale mara ya pili."

Mmoja ni mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, mwingine ni wa kijivu. Ndalahwa bado hajawapa majina. Anasema kwao ng'ombe hupewa jina akishafika.

Muda unakaribia kutimia. Angel anamaliza mtihani wa mwisho wa sekondari mwezi Novemba, na tiketi yake ya kuja Tunduma tayari imekatwa, katikati ya Desemba. Atakaa kwa mama yake mwaka mzima kabla ya chuo. Mnyama atarudi kwa mwenyewe.

Fereti huishi miaka sita, saba, wakibahatika minane. Sasa Tofi analala saa nyingi zaidi. Manyoya ya mkiani yamepungua. Kwenye bomba anaingia, lakini akifika katikati anapumzika. Kila Jumapili Angel anauliza swali moja, na Ndalahwa anajibu kwa namna ileile: yupo, anakusubiri.

"Ninachoomba ni Desemba tu," anasema. "Amwone akiruka. Hata mara moja."

Na baada ya Desemba?

Ndalahwa anamchukua Tofi, anamweka begani. Anaeleza kwamba aliwahi kufikiria kumwomba Imelda aondoke naye, kabla Angel hajasema anakuja. Akaacha. Fereti hatoki jasho, na joto likizidi kidogo tu anaanguka. Hapa Tunduma kuna baridi inayomfaa, na Oktoba jua linapokuwa kali yeye hutundika gunia lililoloweshwa dirishani. Chini Momba, Tofi asingemaliza mchana mmoja.

"Kule ninakotaka mimi kwenda, yeye hawezi kuishi," anasema. "Na hapa anapoishi yeye, mimi nimekuwa mgeni siku zote. Mungu alitupanga hivyo. Nikiwa hapa nawasikia ng'ombe. Nikiwa kule najua nitakuwa namsikia huyu."

Stamili ameshakarabati zizi. Alituma picha wiki iliyopita: miti mipya, geti la mbao, Minza amesimama katikati, mikono kiunoni, anacheka. Ndalahwa anaifungua picha hiyo kwenye simu, anaikuza mpaka uso wa binti yake unajaa kioo, kisha anaikuza tena upande wa ardhi, kuangalia majani yameanza kuota wapi.

Ataondoka Hasamba na mitamba yake wiki ya kwanza ya Januari. Gwakisa anashughulikia kibali cha kuwahamisha. Venance amempatia rafiki mwenye gari dogo la mizigo, aliye tayari kuwashusha mpaka Kamsamba kwa nusu ya bei. Wangefika siku hiyohiyo, kabla ya jua kuzama.

Ndalahwa amemshukuru na kukataa. Atakwenda kwa miguu, siku tano, akifuata njia za zamani za kushukia bondeni, kibali kikimruhusu. Anajua pa kunywesha, anajua pa kulala, anajua mteremko ambao ng'ombe mgeni huogopa na anahitaji mtu atangulie mbele yake akimwita.

"Wakipanda gari watafika," anasema. "Lakini mimi nataka kuwa nyuma yao. Nataka wasimame wakila, na mimi nisimame, nisiwe na haraka ya kwenda popote."